Kisu Tulikuwa Nacho

Mwezi wa Novemba 1861 wazungu wawili waliingia Karagwe. Walikuwa maofisa wa jeshi la Waingereza kule India, John Hanning Speke na James Augustus Grant, na walikuwa wanatafuta chanzo cha mto Nile. Omukama Rumanyika akawapokea vizuri. Shuleni tulikaririshwa habari za Speke: alivyokwenda Buganda, alivyouona mto ukitoka ziwani tarehe 28 Julai 1862. Grant alitajwa jina tu, kama mbeba mizigo. Kumbe huyo Grant ndiye aliyekaa na babu zetu miezi mingi, na alikaa kwa sababu moja: aliugua.

Mwezi Desemba mguu wake wa kulia ulianza kuvimba juu ya goti. Ukavimba, ukawaka moto, goti likakunjika lisikunjuke. Wakamchanja kwa kina, usaha ukatoka mwingi, akapata nafuu siku chache, halafu jipu jingine likaota. Miezi mitatu ikawa hivyo. Speke akangoja, akachoka. Ilisemekana Buganda haipokei mgeni mgonjwa, basi tarehe 10 Januari 1862 akaondoka na kumwacha mwenzake kibandani.

Ndugu msomaji, mzungu wa watu analala kibandani Karagwe, hawezi hata kutoka nje kuota jua. Na kila anayeingia ana jibu lake. Mmoja wa watu wa msafara anasema huyu katemewa mate na nyoka. Wengine wanabandika mchanganyiko wa mavi ya ng'ombe, chumvi na tope la ziwani, ukiwa wa moto. Nnanaji, nduguye Omukama, anasema ugonjwa huo anaujua, na anamletea mganga wa Kinyambo aliyekuja na mkewe. Grant mwenyewe aliyaandika haya katika kitabu chake cha mwaka 1864, na kwa huyo mganga hakuweka kejeli. Anasema alimshika mguu kwa mkono laini kabisa. Akachanja chale kwa kisu kidogo, watazamaji wakatolewa nje, mke akafungua jani la mgomba lenye dawa nyeusi, ikapakwa kwenye damu. Mwishowe kipande cha jiwe kikafungwa kifundoni kama hirizi.

Tarehe 14 Aprili 1862 Grant alibebwa juu ya machela kuelekea Buganda. Alipona polepole. Lakini jina la ugonjwa wake hakulipata.

Kwa nini nayakumbuka haya leo? Kwa sababu na mimi, mtoto wa Kyerwa, ninao moto wangu usiozimika. Wangu uko tumboni. Utumbo unavimba, unatulia, unavimba tena. Madaktari wanaita mchochota sugu. Miaka imepita, nimezoea, kama mtu anavyozoea jirani mkorofi. Sasa mfuko wa nyongo nao umeingia kwenye ugomvi. Una mawe. Daktari amesema utoke. Nikasema sawa. Halafu akaongeza, kama mtu anayekumbuka kitu mlangoni: "Na ukishatoka, itabidi tuupime."

Hapo ndipo nilipokosa usingizi. Kisu sikukiogopa sana. Kupimwa ndiko kulikonitisha, maana mitaani kwetu ukisikia nyama ya mtu imepelekwa kupimwa, watu wanaanza kukuangalia kwa huruma. Biopsi kwetu ni jina la pili la kansa. Wapo hata wanaosema ukiguswa tu, ndiyo umeuamsha.

Nikaanza kusoma historia, dawa ya watu wasiolala.

Nikakuta kwamba kisu tulikuwa nacho. Mwaka 1879 daktari Robert Felkin alikuwa Kahura, katika Bunyoro, ufalme wa jirani upande wa kaskazini. Alishuhudia mganga akimpasua mama aliyeshindwa kujifungua. Mama alinyweshwa pombe ya ndizi. Mganga akanawa mikono kwa pombe hiyo hiyo na kuosha tumbo nayo. Akapasua, mtoto akatoka, damu ikazuiwa kwa chuma cha moto, kidonda kikafungwa kwa pini saba za chuma na kamba za gome la mti. Siku ya kumi na moja kidonda kilikuwa kimepona. Mama mzima, mtoto mzima.

Na hao wenye hospitali kubwa? Nyongo yenyewe ilitolewa kwa mara ya kwanza tarehe 15 Julai 1882, mjini Berlin, na Carl Langenbuch. Mgonjwa alikuwa mwanamume wa miaka 43, aliyeteswa na mawe kwa miaka kumi na sita. Kesho yake hana homa, anavuta sigara! Kabla ya hapo madaktari walikuwa wanatoboa mfuko, wanatoa mawe, wanauacha palepale, na mawe yanarudi. Langenbuch akafikiri kama mkulima: ukichuma matunda tu na kuuacha mti, mwakani utachuma tena. Akang'oa mti. Ilikuwa miaka ishirini tu tangu Grant abebwe kutoka Karagwe.

Kwa hiyo kwa kisu hatukuachwa mbali kama tunavyoambiwa. Tulichokosa ni hadubini. Mwaka ule ule wa 1879, Felkin akiwa Kahura, daktari wa ngozi wa Paris, Ernest Besnier, alibuni neno biopsi. Maana yake ni kuangalia kilicho hai. Unachukua kipande, unakihifadhi kwenye fomalini, unakizungushia nta, unakikata vipande vyembamba kuliko unywele, unavitia rangi, ndipo unauliza: wewe ni nani?

Swali hilo ndilo lililoukosa mguu wa Grant. Mwaka 1897 Albert Cook alifika Mengo, Kampala, akaona vidonda vikubwa vyenye kingo zilizochimbika kwa chini. Akaviandika, hakuwa na jina la kuvipa. Mwaka 1948, kule Australia, madaktari walichukua vipande vya nyama kutoka kwa wagonjwa sita wenye vidonda vya namna hiyo, wakakuta vijidudu, ndugu wa vile vya kifua kikuu na ukoma. Baadaye wagonjwa wengi wakaonekana Uganda, karibu na Nile, mahali paitwapo Buruli, na ugonjwa ukapata jina la hapo: kidonda cha Buruli. Wataalamu waliorudi kusoma kitabu cha Grant wakashtuka. Huenda ndio ugonjwa uliomlaza Karagwe!

Huenda. Hakuna anayeweza kuapa, maana mguu ule haukuacha hata kipande.

Na usidhani jina ni pambo. Zamani kidonda cha Buruli kilitibiwa kwa kukata, na kukata sana. Siku hizi kinatibiwa kwa wiki nane za dawa za kuua vijidudu, na kisu kinaitwa pale tu kinapohitajika. Jina limewaokolea watu mikono na miguu. Yaani kupimwa, ambako mitaani tunakuona kama hukumu, mara nyingine ndiko kunakomwambia mwenye kisu: basi, inatosha.

Nilimrudia daktari nikamuuliza vizuri, bila aibu. Akanieleza kwamba utumbo ukiugua kule mwishoni unashindwa kurudisha chumvi za nyongo, na mawe yanapata nafasi. Kwamba mfuko uliochomeka miaka mingi kwa wengi huonyesha makovu tu, na kwa wachache huonyesha kansa ambayo hakuna aliyeitegemea. Kwamba kwangu mimi hawatadonoa kipande kwanza. Mfuko wote utatoka, ndipo utapimwa. Na kwamba dawa ninazomeza za kutuliza kinga ya mwili azijue yeye na mtu wa usingizi kabla ya siku yenyewe.

Leo Kyerwa ni wilaya yake, tangu ilipomegwa kutoka Karagwe mwaka 2012. Isingiro kuna hospitali, Nyakahanga kuna hospitali. Lakini kisu kiko karibu na hadubini iko mbali. Kikopo kinaweza kusafiri kutwa nzima kwenda Mwanza, na majibu yakachukua majuma. Katikati hapo kikopo kinapotea, au ndugu wanaambiwa walipie, wanatazamana, wanasema si ameshapona? Najua nyumba ambako mfuko ulitupwa hivyo, na hadi leo hawajui marehemu alikufa na nini.

Kwa hiyo nimejifunza swali moja, na nakupa na wewe uwe nalo, kwa ajili ya mama yako au kwa ajili yako: "Mkishatoa, mnaipeleka wapi, na majibu nayafuata lini?" Uliza kabla hujalala kitandani, andika jina la anayekujibu.

Grant alipewa mkono laini, jani la mgomba, hirizi, na wafalme wa kumwuguza. Alipewa kila kitu alichoweza kupewa na Karagwe ya wakati ule. Mimi sitaki zaidi ya hayo, ila kikopo kimoja chenye jina langu, kilichoandikwa vizuri.