Migodi ya makaa ya mawe: kwa nini mkaguzi huja bila taarifa

Sheria ya Marekani ya mwaka 1977 kuhusu usalama na afya migodini inaagiza kila mgodi wa makaa ya mawe ulio chini ya ardhi ukaguliwe wote, kuanzia mlangoni hadi mahali makaa yanapokatwa, si chini ya mara nne kwa mwaka. Sheria hiyo inakataza mtu yeyote kutoa taarifa mapema kuhusu ujio wa mkaguzi. Anayeivunja anaweza kutozwa faini, au kufungwa hadi miezi sita.

Sababu ya katazo hilo ni kwamba hali ya mgodini hubadilishwa kwa muda mfupi. Pazia la kuelekeza hewa hutundikwa upya, maji hunyunyizwa juu ya vumbi, mashine husimamishwa. Mkaguzi anayesubiriwa hukuta mgodi ambao wachimbaji hawaujui.

Gesi na vumbi

Jambo la kwanza kupimwa ni metheni, gesi isiyo na rangi wala harufu inayotoka ndani ya makaa yenyewe. Ikifikia kati ya asilimia 5 na 15 ya hewa, cheche moja yatosha kuilipua. Ndiyo maana kanuni zinataka umeme wa mashine uzimwe gesi ikifika asilimia 1 katika sehemu wanamofanyia kazi wachimbaji, na watu waondolewe ikifika asilimia 1.5.

Jambo la pili ni vumbi la makaa, ambalo huweza kuusambaza mlipuko mdogo mgodi mzima. Hudhibitiwa kwa kumwaga unga wa mawe ya chokaa, hata angalau asilimia 80 ya vumbi lote iwe ni kitu kisichoungua. Vumbi laini linalovutwa puani ndilo huleta ugonjwa wa mapafu meusi. Tangu mwaka 2016 kiwango chake cha juu ni miligramu 1.5 kwa mita moja ya ujazo ya hewa.

Maji na ardhi hukaguliwa chini ya sheria nyingine ya mwaka huo huo wa 1977. Maji yanayopita katika machimbo huweza kugeuka tindikali na kubeba chuma hadi mitoni. Hapa nako wakaguzi hutakiwa kufika bila taarifa, kwa wastani wa ukaguzi kamili mmoja kila robo mwaka.

Sheria zilizotanguliwa na misiba

Desemba 1907, wachimbaji 362 walikufa huko Monongah, West Virginia. Ofisi ya Migodi iliundwa mwaka 1910, lakini haikupewa mamlaka ya kukagua. Wakaguzi wa serikali kuu walipata haki ya kuingia migodini mwaka 1941 tu. Baada ya watu 78 kufa Farmington mwaka 1968, sheria ya mwaka 1969 ilileta ukaguzi wa mara nne na faini.

Daftari mbili

Aprili 5, 2010, mlipuko katika mgodi wa Upper Big Branch, West Virginia, uliua watu 29. Uchunguzi wa serikali ulibaini kuwa metheni iliwaka kwenye mashine ya kukata makaa yenye meno yaliyochakaa na vinyunyizio vya maji visivyofanya kazi ipasavyo, kisha vumbi lililorundikana likausambaza moto.

Wachunguzi waligundua pia kuwa walinzi wa lango walitumia redio kuwaarifu waliokuwa chini kwamba wakaguzi wamefika. Kulikuwa na daftari mbili: moja la kampuni, lenye kutaja hatari, na jingine la kuwaonyesha wakaguzi, ambamo hatari hizo hazikuandikwa.

Mkuu wa walinzi alifungwa miaka mitatu kwa kuwadanganya wachunguzi na kujaribu kuharibu nyaraka. Don Blankenship, aliyekuwa mkuu wa kampuni ya Massey Energy, alipatikana na hatia mwaka 2015 ya kula njama za kuvunja kanuni za usalama. Mwaka 2016 alihukumiwa kifungo cha mwaka mmoja na faini ya dola 250,000. Tathmini ya ndani ya shirika la ukaguzi, iliyotolewa mwaka 2012, ilikiri kasoro katika kazi ya shirika lenyewe.

Mkaguzi wa serikali hawezi kuwa mgodini kila siku. Kwa hiyo sheria inamtaka mpimaji aliyeajiriwa na mgodi apite ndani katika saa tatu zinazotangulia kila zamu, apime gesi na kuandika alichokiona. Wanaoshuka baada yake hutegemea maandishi hayo. Daftari likidanganya, wao ndio wa kwanza kudanganywa, kabla ya mkaguzi.