Monasteri ya Mtakatifu Antoni, Jangwani Misri

Antoni hakujenga monasteri. Heri tuliseme hilo mapema, maana nyumba yenye jina lake, chini ya mlima Galala karibu na Bahari ya Shamu, ni miongoni mwa monasteri kongwe kabisa duniani. Alizaliwa mnamo mwaka 251 katika familia yenye mashamba. Baada ya kufiwa na wazazi, alisikia kanisani Injili ya kijana tajiri; akawagawia wanakijiji ardhi yake, akamkabidhi dada yake kwa mabikira, akaenda zake. Kwa miaka kama 20 alijifungia katika ngome iliyohamwa. Watu wakamfuata hata huko, naye akazidi kuingia jangwani mpaka akapata chemchemi na mitende michache. Hapo akalima mboga, asimlemee mtu.

Alifariki mwaka 356. Hakupenda desturi ya Wamisri ya kuweka majumbani maiti za watu watakatifu, hivyo aliwaagiza wanafunzi wawili wamzike kwa siri. Wafuasi wake hawakuwa na kaburi la kujengea. Wakajenga penye maji, na chemchemi hiyo haijakauka.

Kuta zikainuliwa. Kwa muda mrefu mgeni hakuingia kwa mlango: alivutwa juu kwa kamba na kapi. Lakini hatari ilikuwa ndani. Inasimuliwa kwamba mwishoni mwa karne ya 15 Mabedui waliokuwa watumishi humo waliwageuka wamonaki wakawaua, wakachoma vitabu, na kupikia kanisani. Katika karne ya 16 Patriarki Gabrieli wa 7 akapeleka wamonaki wapya. Michoro ya ukutani ya kanisa hilo, iliyochorwa na mchoraji Theodoro mwaka 1233, ilibaki chini ya masizi hadi miaka ya 1990, mafundi walipoisafisha, na rangi zake zikaonekana tena.

Mapatriarki kadhaa wa Kikopti walitoka hapa. Ninayemthamini zaidi ni Kirilo wa 4, aliyekuwa mkuu wa monasteri kabla ya kutawala Kanisa kuanzia 1854 hadi 1861. Antoni, kwa maelezo ya Athanasio, mwandishi wa maisha yake, alikataa kusoma shule. Mrithi wake huyu alifungua shule, zikiwemo za wasichana, akaagiza mtambo wa kuchapia kutoka Ulaya. Mtambo ulipowasili, aliamuru mashemasi wavae mavazi ya ibada, waende kuupokea kwa nyimbo.