Mafunzo ya udereva nchini Tanzania

Mafunzo ya udereva ni elimu ya nadharia na vitendo anayopewa mtu kabla ya kuruhusiwa kuendesha chombo cha moto barabarani. Hujumuisha sheria za usalama barabarani, alama na michoro ya barabarani, ukaguzi wa gari, ustadi wa kushika usukani na mazoea ya kuwajali watumiaji wengine wa barabara.

Kadiri ya Shirika la Afya Duniani, takriban watu milioni 1.19 hufariki kila mwaka kutokana na ajali za barabarani duniani, nazo ndizo sababu kuu ya vifo vya watu wenye umri wa miaka 5 hadi 29.

Sheria na leseni

Msingi wa kisheria ni Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973. Mwanafunzi hupata kwanza leseni ya muda ya kujifunzia (daraja H), na gari analojifunzia hubandikwa herufi L. Akimaliza mafunzo hutahiniwa na Jeshi la Polisi, kikosi cha usalama barabarani. Akifaulu, leseni hutolewa na Mamlaka ya Mapato Tanzania (TRA).

Leseni zimegawanywa katika madaraja. Daraja A ni la pikipiki, C na matawi yake ni la magari ya abiria, D ni la magari madogo ya binafsi, na E ni la magari makubwa ya mizigo. Kwa hiyo mwenye daraja D pekee haruhusiwi kuendesha basi wala lori, hata kama ana uzoefu wa miaka mingi.

Mafunzo hutolewa na shule binafsi za udereva, vyuo vya VETA na Chuo cha Taifa cha Usafirishaji (NIT) kilichopo Dar es Salaam. NIT na VETA hufundisha pia kozi maalumu za madereva wa magari ya abiria na malori. Tangu mwaka 2019 usafiri wa kibiashara wa nchi kavu unasimamiwa na LATRA, ambayo pia husajili na kuthibitisha madereva wa vyombo vya biashara.

Hali katika mkoa wa Songwe

Mkoa wa Songwe ulianzishwa mwaka 2016 kwa kumega mkoa wa Mbeya. Unapitiwa na barabara kuu ya TANZAM, inayotoka Dar es Salaam kupitia Morogoro, Iringa na Mbeya, kisha Mlowo na Vwawa, hadi Tunduma kwenye mpaka wa Zambia. Malori yanayopita hapo hubeba mizigo ya Zambia na ya Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo.

Barabara hiyohiyo ya kimataifa ndiyo pia njia ya wenyeji. Katika wilaya ya Mbozi, yenye kata kama Hasamba, wanafunzi, wakulima, waendesha baiskeli na bodaboda huishiriki na malori yenye matela. Karibu na Tunduma, foleni ndefu za malori yanayosubiri kuvuka mpaka huziba upeo wa macho, hivyo mtembea kwa miguu anaweza kutokea ghafla kati ya magari mawili.

Mteremko wa Senjele, wilayani Mbozi, unajulikana kwa ajali za malori. Lori lililojaa likishuka huku dereva akikanyaga breki mfululizo, msuguano huzipasha joto breki hizo hadi zikapoteza nguvu ya kushika. Kwa sababu hiyo madereva hufundishwa kuingiza gia ya chini kabla ya kuanza kushuka, ili injini yenyewe izuie mwendo, na kutoshuka kamwe kwa gia huru kwa lengo la kubana mafuta.

Madereva wanaoendelea hadi Kongo wana jambo la ziada la kujifunza. Tanzania na Zambia huendesha upande wa kushoto, lakini Kongo huendesha upande wa kulia. Dereva hubadili upande anapovuka mpaka wa Kasumbalesa, baada ya safari ndefu yenye uchovu.

Mazoea ya udereva salama

* Mwendo: kiwango cha juu ni kilomita 50 kwa saa katika maeneo ya makazi, na kilomita 80 kwa saa kwa magari yenye uzito unaozidi kilogramu 3,500. Gari linalokwenda kilomita 80 kwa saa husafiri takriban mita 22 kila sekunde, kabla dereva hajagusa breki. Mwendo ukiongezeka mara mbili, umbali wa kusimama kwa breki huongezeka takriban mara nne.
* Kulipita gari lingine (kuovateki): hufanywa pale tu dereva anapoona mbele vizuri, si kwenye kona, kilele cha mlima wala daraja.
* Mkanda na kofia ngumu: mkanda unaweza kupunguza hatari ya kifo kwa abiria wa mbele kwa hadi nusu.
* Pombe: kikomo cha jumla ni miligramu 80 katika mililita 100 za damu, Shirika la Afya Duniani linapendekeza kisichozidi 50.
* Uchovu: dawa yake ni kusimama na kulala.

Changamoto

Madereva wengi wa malori na daladala walianza kama utingo au makondakta, wakajifunza kwa kumtazama dereva na kupokea usukani kwa muda. Njia hiyo hutoa uzoefu wa kulimudu gari, lakini pia hurithisha makosa ya mwalimu, na sheria hubaki pembeni. Waendesha bodaboda wengi nao hujifunza kwa rafiki, ndani ya siku chache, kisha huanza kubeba abiria.

Upande mwingine ni maslahi. Dereva anayelipwa kwa safari, au anayedaiwa hesabu ya siku na mwenye chombo, hushawishika kukimbia na kukosa kupumzika hata kama anaijua sheria. Ndiyo maana elimu ya dereva haitoshi bila wamiliki wa magari kuwajibika, polisi kusimamia sheria, na barabara kuwa na njia za watembea kwa miguu.