Upepo Hausongamani

Mtaalamu anayetaka kujua upepo wa mahali utazaa umeme kiasi gani haishii kuuliza kasi. Huuliza pia: katika kila mita ya mraba inayoukabili upepo huo, zinapita wati ngapi? Kipimo hicho mfasiri mwenye haraka atakiita “msongamano wa nguvu ya upepo”. Siafiki. Msongamano ni wa abiria kwenye kivuko cha Msangamkuu. Upepo unapita zake. Mimi nasema “nguvu ya upepo kwa mita mraba”. Jina ni refu, lakini limebeba kipimo chake.

Kasi ndiyo yenye hila. Ikiongezeka maradufu, nguvu huongezeka mara nane. Chukua fukwe mbili zenye joto la Mtwara, ambako mita moja ya ujazo ya hewa ina kilo 1.16 hivi. Wa kwanza una upepo wa mita 6 kwa sekunde, usiku na mchana: wati 125. Wa pili una mita 3 nusu ya muda, mita 9 nusu nyingine. Wastani ni uleule 6, ila nguvu ni wati 219.

Mvuvi wa Msimbati upepo wa wastani haujui. Anajua kusi, kaskazi, matlai na umande, kila mmoja na wakati wake wa kutweka tanga. Ndiyo maana mlingoti wa kupimia upepo huachwa mwaka mzima au zaidi. Aliyepima Julai tu, kusi ikivuma, bado hajayaonja maleleji, majira ya upepo usiotulia.

Tena mlingoti usimame wapi? Mdomoni mwa mto Ruvuma mikoko huupunguzia kasi upepo unaopita juu yake, na chombo kilichowekwa kimo cha paa kitapima mikoko kuliko upepo. Milimani ni kinyume: hewa hubanwa inapopanda kilele, ikatoka mbio.

Wengine hudhani baridi ya milima ya Mufindi inaongeza nguvu ya upepo. Ni kweli hewa ya baridi ni nzito, lakini mwinuko huupunguza uzito huo kuliko baridi inavyouongeza. Kwenye mita 1,800 na nyuzi 15, mita ya ujazo haifiki kilo 1. Mitambo mitatu ya upepo ya Mwenga, huko Mufindi, yenye megawati 2.4 kwa jumla, inazungushwa na hewa nyepesi kuliko ile inayojaza matanga ya Msimbati.