Mama Kevina: Mtawa, Mwalimu na Historia ya Jina Lake



Huenda baadhi yenu mkashangaa kuona mhadhara wa taaluma za Kiswahili ukimzungumzia mtawa wa Kiayalandi aliyefanya kazi Buganda na Busoga, katika nchi ambako Kiswahili kilipingwa vikali. Itakumbukwa kwamba Gavana Gowers alipopendekeza mwaka 1927 lugha hii itumike katika elimu na utawala, Kabaka Daudi Chwa aliikataa hadharani, na maaskofu wa misheni wakasimama upande huohuo. Sikusudii kuufufua mjadala huo leo. Nimemchagua Mama Kevina kwa sababu historia ya elimu ya mtoto wa kike nchini Uganda haiandikiki bila kumtaja, na kwa sababu jina lake lenyewe linawahusu wanaisimu.

Teresa Kearney alizaliwa tarehe 28 Aprili 1875 karibu na Arklow, Wicklow. Baba yake alifariki kabla hajazaliwa, na mama akamfuata Teresa akiwa na umri wa miaka 10. Akalelewa na bibi yake. Aliutaka ualimu, lakini karo ya chuo haikupatikana, akabaki mwalimu msaidizi asiye na cheti. Mwaka 1895 alijiunga na watawa Wafransisko wa Mill Hill, London, na alipoweka nadhiri mwaka 1898 akaitwa Sista Mary Kevin.

Januari 1903 yeye na wenzake watano walifika Nsambya, Kampala, kwa mwaliko wa Askofu Henry Hanlon. Mwaliko huo ulikuwa na siasa ndani yake. Tangu mapigano ya Mengo ya mwaka 1892, na hata kabla yake, Wakatoliki wa Buganda walikuwa wakiitwa Wafaransa, na Waprotestanti wakiitwa Waingereza. Dini na taifa vilibeba jina moja. Mapadre na masista wa Mill Hill, waliozungumza Kiingereza na kusali Kikatoliki, waliivuruga hesabu hiyo kwa kuwepo kwao tu. Miezi saba baadaye masista walikuwa wakiwatibu wagonjwa chini ya mwembe. Kutokana na kazi hiyo ikakua hospitali ya Nsambya.

Wakati wa Vita Kuu ya Kwanza hospitali hiyo iliwapokea wapagazi wa kile kikosi ambacho jina lake la Kiingereza limetuachia Kariakoo ya Dar es Salaam. Wengi wao waliuawa na maradhi, utapiamlo na uchovu kuliko risasi. Sista Kevin, ambaye tangu mwaka 1910 alikuwa mkuu wa masista wenzake, alikasirishwa waziwazi na namna watu hawa walivyotumiwa na kutupwa. Serikali iliyowatumia ilimtunuku nishani mwaka 1918. Kinaya hicho sina haja ya kukifafanua.

Jaribu lake gumu zaidi, kwa maoni yangu, lilitoka ndani ya Kanisa lake. Akina mama walikuwa wakifa kwa uzazi, na watoto wachanga pamoja nao, ilhali sheria ya Kanisa ya wakati ule haikuwaruhusu watawa kufanya kazi ya ukunga. Alikuwa ameweka nadhiri ya utii. Hakuivunja, wala hakukaa kimya. Pamoja na daktari Evelyn Connolly, mlei ambaye hakufungwa na katazo hilo, walianzisha Nsambya mwaka 1921 mafunzo ya wauguzi na wakunga kwa wasichana Waafrika. Roma ililegeza katazo lake mwaka 1936, miaka 15 baadaye.

Mwaka 1923 alianzisha shirika la watawa Waafrika, Masista Wadogo wa Mtakatifu Fransisko, akianza na wasichana wanane. Tukumbuke kwamba shirika hili liliwatoa walimu na wauguzi wakati ambapo wengi, wazungu kwa wenyeji, hawakuona faida ya kumsomesha msichana. Baadaye shirika lilienea hadi Kenya na Tanzania. Katika miaka ya 1940 ikaja shule ya sekondari ya wasichana ya Namagunga, ambayo miongoni mwa waliosoma humo ni Specioza Kazibwe, Makamu wa Rais wa Uganda kuanzia 1994 hadi 2003.

Sasa turudi kwenye jina. Lugha zetu hupenda silabi wazi, kwa hiyo Kevin lilihitaji irabu mwishoni. Lakini kwa nini -a? Kwa kawaida ya utohozi tungetarajia Kevini. Nadhani wasemaji waliyasikia majina ya Kilatini ya wanawake watakatifu, Kristina, Paulina, Monika, wakalirekebisha jina hili la kiume, la mtakatifu wa Kiayalandi, ili limkae mwanamke. Waandishi wa wasifu wake husimulia pia kwamba neno hilo liliwahi kutumika kwa maana ya hospitali au nyumba ya huruma. Jina la mtu likageuka nomino ya kawaida, hatua ambayo ni majina machache ya wageni yaliyoifikia.

Alifariki tarehe 17 Oktoba 1957 nchini Marekani, akiwa na umri wa miaka 82, alikokuwa akichangisha fedha kwa ajili ya misheni. Mwili wake ulipelekwa kwanza Ayalandi. Wakatoliki wa Uganda hawakuridhika. Walidai arudishwe kwao, naye akazikwa Nkokonjeru.