Historia ya Ahadi ya 0.7 kwa Mia

Wahenga husema ahadi ni deni. Lakini deni huhitaji mdai. Mwaka 1958 Baraza la Makanisa Duniani lilipendekeza nchi tajiri zitoe 1 kwa mia ya mapato yao kuzisaidia nchi maskini. Shauri hilo lilipokubaliwa na serikali, fedha za wafanyabiashara zilihesabiwa pamoja, ingawa serikali hazina amri juu yake. Kwa hiyo Tume ya Lester Pearson, mwaka 1969, iliupimia msaada wa serikali peke yake kiasi cha 0.7 kwa mia ya pato la taifa.

Tarehe 24 Oktoba 1970 Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa lilikikubali kiasi hicho, kifikiwe katikati ya mwongo ule. Hata hivyo, azimio liliziagiza nchi tajiri kujitahidi, wala si kulipa, na tofauti ya vitenzi hivyo viwili ndiyo historia yote iliyofuata. Marekani haikukubali kufungwa na kiasi hicho. Uswidi, Uholanzi, Norway na Denmark zilikitimiza kabla ya 1980. Uingereza ilikifikia mwaka 2013, ikakitungia sheria mwaka 2015. Lakini sheria hiyo ilimtaka waziri atoe maelezo Bungeni tu endapo kingepungua, na mwaka 2021 kikashushwa hadi 0.5. Mwaka 2023 wastani wa nchi wafadhili ulikuwa 0.37.

Zilizotimiza zilisukumwa na wananchi wao wenyewe; wapokeaji, ambao hospitali na shule zao zilitegemea fedha hizo, hawakupewa hati ya kudai.