Battir: Kijiji chenye wiki ya siku nane

Battir ina wiki ya siku nane. Koo kubwa za kijiji hicho cha Wapalestina, magharibi ya Bethlehem, ni nane, na kila ukoo una siku yake ya kumwagilia. Ikiisha ya nane, zamu inarudi mwanzo. Maji ya chemchemi hukusanywa katika birika la tangu enzi za Warumi, na hupimwa kwa fimbo yenye alama kabla ya kufunguliwa mifereji. Hapo hapana longolongo. Fimbo ikishasema, imesema.

Maji hayo hushuka mlimani kwa matuta ya ngazi yaliyozuiwa kwa kuta za mawe yasiyotiwa udongo wala saruji. Humo hustawi mizeituni, mizabibu na mbilingani zinazosifika hadi masoko ya Bethlehem. Kilimani juu ya kijiji kuna magofu yanayotajwa kuwa Betar, ngome ya mwisho ya Bar Kokhba, kiongozi wa uasi wa Wayahudi dhidi ya Roma, iliyoanguka mwaka 135 mbele ya majeshi ya Kaisari Hadrian.

Mwaka 1892 reli ya Jaffa hadi Jerusalem ilipita bondeni, na Battir ikapata stesheni. Reli hiyo ndiyo karibu ikimalize kijiji, kwani Israel iliitaka. Katika vita vya 1948 wakazi wengi walikimbia. Inasimuliwa kwamba wachache waliobaki, wakiongozwa na mwanakijiji mwenzao Hassan Mustafa, walianika nguo na kuwasha taa katika nyumba tupu ili askari wa Israel wadhani watu wamejaa. Ujanja huo ulisaidia, lakini kilichookoa mashamba ni makubaliano: katika mkataba wa 1949 kati ya Jordan na Israel, treni ilihakikishiwa usalama, nao wanakijiji wakaruhusiwa kuendelea kulima ng'ambo ya reli, upande wa Israel.

Miongo sita baadaye Israel ilitaka kupitisha bondeni humo ukuta wake wa kujitenga na Ukingo wa Magharibi. Wanakijiji wakaenda Mahakama Kuu ya Israel, na safari hii hata mamlaka ya hifadhi ya nchi hiyo iliupinga mpango. Juni 2014 UNESCO iliyaweka matuta ya Battir katika orodha ya Urithi wa Dunia, na papo hapo katika ile ya urithi ulio hatarini. Mwaka uliofuata ukuta ukasitishwa. Ila Agosti 2024 serikali ya Israel ilitenga ardhi ya makazi mapya ya walowezi, Nahal Heletz, ndani ya eneo hilohilo.